Nyota ya Asubuhi na Jina la Padri Hell

Ninyi mnaotoka nyumbani mapema kwenda Misa ya asubuhi, au mnaorudi kutoka shambani giza likianza kuingia, mnaijua nyota tunayotaka kuisema leo. Hakuna haja ya kuwaonyesha kwa kidole. Ndiyo ile kubwa, nyeupe, isiyomemeteka kama nyingine, inayotangulia Jua au kulifuata. Wavuvi wa ziwani wanaijua, walinzi wa usiku wanaijua. Katika Litania ya Bikira Maria tunalitaja jina lake. Waswahili wa pwani, waliopokea majina mengi ya nyota kwa Waarabu, huiita Zuhura. Wazungu huiita Venus.

Jioni moja, baada ya mafundisho, mtoto mmoja wa katekisimu alituuliza: «Mwalimu, nyota ya jioni na nyota ya asubuhi ni ndugu?» Wenzake wakamcheka. Lakini swali lake si la kuchekwa. Wagiriki wa kale nao waliwaza kwamba ni nyota mbili, wakazipa majina mawili: ya asubuhi Phosphoros, ya jioni Hesperos. Ilipita miaka mingi kabla hawajakubali kwamba ni moja tu. Watu wa Babeli walikuwa wamekwisha kuitambua mbele yao. Wakati wa mfalme wao Ammisaduqa waliandika siku za kuonekana na siku za kupotea kwake, muda wa miaka 21, na maandiko yao yakanakiliwa kwenye vibao vya udongo vilivyobaki mpaka leo.

Basi tulimwambia mtoto: si ndugu wawili, ni mmoja, tena si nyota, ni sayari, yaani dunia nyingine inayolizunguka Jua kama hii yetu. Ukubwa wake karibu ni sawa na wetu. Sisi tuko mbali na Jua kilometa milioni 150 hivi. Zuhura iko karibu zaidi, milioni 108, na inamaliza mzunguko wake kwa siku 225. Fikirini moto wa jioni uwanjani, na mtoto anayekimbia kuuzunguka, nanyi mmekaa nje ya njia yake. Mara mtamwona upande wa kuume wa moto, mara upande wa kushoto, lakini hamtamwona kamwe nyuma ya migongo yenu. Ndiyo sababu hakuna mtu kati yetu aliyepata kuiona Zuhura katikati ya anga usiku wa manane. Haiachani na Jua: huonekana magharibi baada ya Jua kushuka, au mashariki kabla halijapanda, basi.

Tena ina mwendo wa haki kama saa ya mnara. Kila baada ya miaka 8 inarudi karibu mahali pale pale kwa tarehe ile ile. Mwenye daftari na aandike usiku huu iko juu ya mti gani, kisha angoje miaka 8. Ataona wenyewe ikija, kama mti bado umesimama.

Hayo mtu anaweza kuyaona kwa macho matupu. Mwaka 1610, mwishoni mwake, Galileo Galilei aliielekezea darubini yake kule Italia, akaona jambo lisilowahi kuonwa na mtu. Nyota hiyo ina miandamo kama Mwezi! Kwanza ilikuwa mviringo mdogo, kisha nusu, kisha ikaanza kuwa jembamba kama mundu, na kadiri ilivyokonda ndivyo ilivyozidi kuwa kubwa. Jambo hili lilikuwa na nguvu. Kama Zuhura ingaliizunguka Dunia kama watu walivyofundishwa toka kale, isingaliweza kuonekana mviringo mzima. Ilionekana hivyo kwa sababu inalizunguka Jua.

Mapadri Wayesuiti wa Chuo cha Roma hawakuwa wepesi wa kuamini. Mzee wao, Padri Christophorus Clavius, yule aliyesaidia kutengeneza kalenda tunayoitumia, alikuwa na shaka na vioo vile vipya. Lakini walijipatia darubini yao, wakatazama wenyewe usiku kwa usiku. Mwezi wa Aprili 1611 Kardinali Roberto Bellarmino aliwaandikia kuuliza kama habari za Galileo ni za kweli. Wanne wakajibu, na juu ya Zuhura walijibu bila kusita: ni kweli, inapungua na kuongezeka kama Mwezi. Mmoja wa hao wanne alikuwa Padri Odo van Maelcote, mtoto wa Brussels. Hatutaki kuficha yaliyofuata. Mwaka 1616 na tena mwaka 1633 wakubwa wa Kanisa walimkataza Galileo na kumhukumu, na jambo hilo lilituletea haya kwa miaka mia tatu na zaidi. Lakini ni haki kusema pia kwamba wa kwanza kushuhudia kwamba hakusema uongo juu ya Zuhura walikuwa mapadri, kwa sababu walikubali kutazama.

Tufike sasa kwenye habari yenyewe.

Mara chache sana Zuhura inapita sawasawa kati ya Dunia na Jua. Hapo haing'ai, inaonekana kama nukta nyeusi inayotambaa juu ya uso wa Jua, kwa muda wa saa chache. Mambo hayo huja mawili mawili: moja, kisha la pili baada ya miaka 8, halafu ni kungoja miaka mia na zaidi. Mtu wa kwanza kuhesabu siku yake alikuwa Johannes Kepler, Mjerumani. Alitangaza kwamba Zuhura itapita mbele ya Jua mwaka 1631. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1630, na siku ilipofika Jua lilikuwa bado halijapanda katika sehemu kubwa ya Ulaya.

Kepler hakuona kwamba mwaka 1639 itapita tena. Aliyeona hesabu hiyo ni kijana wa Kiingereza, Jeremiah Horrocks, wa miaka 20 tu, aliyekaa katika kijiji cha Much Hoole. Hakuwa na chuo wala mkubwa wa kumlipa. Alimwandikia barua rafiki yake William Crabtree, karibu na Manchester, naye ajiweke tayari. Siku yenyewe ilikuwa Siku ya Mungu. Horrocks aliielekeza darubini kwenye Jua, akaiacha sura ya Jua ianguke juu ya karatasi ndani ya chumba chenye giza. Alitazama asubuhi, kisha akaitwa kwenye kazi nyingine aliyoona haimpasi kuiacha kwa ajili ya mambo ya nyota. Aliporudi, mawingu yalikuwa yameachana, na ile nukta nyeusi ilikuwa imekwisha kuingia. Aliiona nusu saa tu, mpaka Jua liliposhuka. Katika dunia nzima tunajua wawili tu walioiona siku ile, yeye na Crabtree. Mwezi wa Januari 1641 Horrocks alikufa ghafula, hajamaliza miaka 23.

Kwa nini watu wajisumbue hivyo kwa nukta moja nyeusi? Hii hapa sababu. Nyosheni mkono, simamisheni kidole gumba mbele ya mti ulio mbali. Fungeni jicho la kuume, kisha lifungueni na kulifunga la kushoto. Kidole kinaruka, sivyo? Hakikuruka, ni macho yenu mawili yanayokitazama kutoka mahali pawili. Mwenye kujua nafasi kati ya macho yake, na kupima kidole kimeruka kiasi gani, anaweza kuhesabu mambo yako mbali kiasi gani. Basi mtu mmoja akae kaskazini kabisa mwa Dunia, mwingine kusini: hao ndio macho mawili. Zuhura ni kidole, Jua ni mti. Wa kaskazini ataiona nukta ikipita njia moja juu ya Jua, wa kusini ataiona katika njia nyingine, ndefu zaidi au fupi zaidi. Kwa hiyo mmoja atahesabu dakika nyingi kuliko mwenzake. Edmond Halley, Mwingereza, aliieleza njia hii kwa urefu mwaka 1716, akijua vema kwamba yeye hataishi mpaka mwaka 1761.

Wakati ule wenye elimu walikuwa na ramani nzuri ya mbingu, lakini ramani isiyo na kipimo. Walijua kwamba kama umbali wetu na Jua ni 100, ule wa Zuhura ni 72. Lakini hiyo 100 ni kilometa ngapi? Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika. Ni kama mtu anayejua kwamba misheni ya jirani iko mbali mara mbili kuliko soko, lakini hajui soko liko mbali gani. Zuhura ikipita ingewaambia.

Mwaka 1761 watu walitumwa pande zote za dunia, na ilikuwa wakati wa vita kati ya Waingereza na Wafaransa. Padri Alexandre Guy Pingré alikwenda kisiwa cha Rodrigues katika bahari ya mashariki ya Afrika. Mvua ikamharibia sehemu ya kazi, kisha Waingereza wakaja kukinyang'anya kisiwa. Waingereza Mason na Dixon waliona vema kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Wa kuhurumiwa kuliko wote ni Guillaume Le Gentil, Mfaransa. Alitoka kwao mwaka 1760 kwenda Pondicherry kule Uhindi. Kabla hajafika mji ulikuwa umetwaliwa na Waingereza, na siku ya Zuhura alikuwa baharini, juu ya merikebu inayoyumba, hawezi kupima kitu. Akasema: vizuri, nitangoja huku miaka 8. Akangoja! Mwaka 1769 alikuwa Pondicherry, nyumba yake ya kuangalia nyota imekwisha kujengwa, anga safi siku nyingi. Asubuhi yenyewe mawingu yakafunika Jua mpaka yote yalipokwisha, kisha Jua likatoka. Aliporudi kwao mwaka 1771 alikuta watu wanamhesabu kuwa maiti, na warithi wanagawana mali yake.

Hesabu za mwaka 1761 hazikupatana. Nukta ile ilipokuwa ikiachana na ukingo wa Jua haikuachana mara moja. Ilivutika, kama tone la asali lisilotaka kutoka kidoleni. Mtu mmoja alisema «sasa!», na mwenzake aliyesimama karibu naye akasema «sasa!» sekunde nyingi baadaye. Kwa hiyo matumaini yote yakawekwa juu ya mwaka 1769. Baada ya hapo, mpaka 1874.

Na hapo ndipo anapoingia Padri Maximilian Hell.

Alizaliwa mwaka 1720 katika mji wa machimbo unaoitwa leo Banská Štiavnica, katika Slovakia; wakati ule ilikuwa nchi ya ufalme wa Hungaria. Jina la nyumbani kwao liliandikwa Höll. Yeye akaliandika Hell, na neno hilo kwa Kijerumani maana yake ni angavu. Aliingia Shirika la Wayesuiti, akawa mkubwa wa nyumba ya kuangalia nyota ya Vienna, na kila mwaka alitoa kitabu cha mienendo ya nyota kilichosomwa katika Ulaya nzima. Jambo moja tulishike, kwa sababu litatusaidia mbele: mwaka 1766 alitoa kitabu juu ya mwezi wa Zuhura. Watu wenye sifa walikuwa wamesema wameuona kando yake mwezi mdogo. Padri Hell alionyesha kwamba hakuna mwezi. Ni mwangaza wa Zuhura unaorudishwa na jicho la mtazamaji mwenyewe ndani ya vioo. Alikuwa mtu aliyejua jicho linavyoweza kumdanganya mwenyewe.

Mfalme Christian VII wa Denmark na Norway alimwita aende Vardø, kisiwa kidogo kwenye ncha ya kaskazini ya Norway, aitazame Zuhura kwa ajili yake. Ajabu yake ni kwamba sheria za nchi ile ziliwakataza Wayesuiti wasitie mguu humo. (Huko Norway sheria hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1956 tu!) Lakini mfalme alitaka mtu anayejua kazi, akamtafuta Myesuiti. Padri Hell alitoka Vienna mwezi wa Aprili 1768 pamoja na mwenzake, Padri Joannes Sajnovics, Mhungaria. Walikwenda kwa magari ya farasi, kwa njia za milima, kisha kwa merikebu kati ya miamba na dhoruba. Walifika Vardø tarehe 11 Oktoba, baada ya miezi mitano na nusu.

Sisi tunaokaa karibu na ikweta ni vigumu kuwaza mahali kama pale. Wakati wa baridi Jua halipandi hata kidogo kwa majuma mengi. Mwezi wa Juni halishuki. Linazunguka angani usiku na mchana. Walijenga nyumba ya kuangalia nyota, wakaweka saa zao na darubini zao, wakapima mahali walipo kwa nyota nyingine. Padri Sajnovics hakukaa bure: alisikiliza lugha ya Wasami, wenyeji wa nchi ile ya barafu, akatambua kwamba ni ndugu wa Kihungaria, lugha ya mama yake. Mwaka 1770 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Sisi ambao tumezoea kusikia kwamba lugha ya kijijini haina elimu ndani yake, tuikumbuke habari hiyo.

Zuhura ilipasa kuingia juu ya Jua tarehe 3 Juni 1769, baada ya saa tatu za usiku, na kutoka baada ya saa tisa. Kule kaskazini peke yake Jua lingeonekana saa hizo. Mawingu yalikuwepo. Yakafunguka Zuhura ilipoingia, yakafunika, yakafunguka tena ilipotoka. Kwa watazamaji wengine wengi wa kaskazini hayakufunguka vile. Kwa hiyo upande mmoja ulikuwa na Vardø, na upande wa pili wa dunia kisiwa cha Tahiti, alikotumwa nahodha James Cook. Kati ya hao wawili kulikuwa na tofauti ya zaidi ya dakika 20. Kwa njia ya hesabu ya Halley, hiyo ilikuwa hazina.

Sasa jambo lililomharibia jina. Watu wa Paris, hasa Jérôme Lalande aliyekusanya hesabu za watu wote, walingoja barua kutoka Vardø. Barua haikuja. Mwezi wa Julai, mwezi wa Septemba, hakuna neno. Padri Hell alisema: mfalme aliyenituma na kunilipia ndiye mwenye haki ya kupokea kwanza. Alizisoma hesabu zake mbele ya Akademia ya Copenhagen mwezi wa Novemba 1769, na kitabu kikatoka mwaka 1770. Hapo wengine walikuwa wamekwisha kutangaza zao. Lalande akanung'unika, na watu wakaanza kunong'ona: huyu Myesuiti amengoja kwa nini? Je, hakuona hesabu za wengine, kisha akazipindua zake zifanane nazo? Kwa maoni yetu Padri Hell alikuwa na haki ya kufanya hivyo, lakini hakuwa na busara. Mwenye ushahidi ambao hakuna mwingine anayeweza kuutoa, na auweke mezani upesi.

Wakati wenyewe haukuwa mwema kwa mapadri wa shirika lake. Ureno iliwafukuza, Ufaransa ikawafukuza, Hispania ikawafukuza. Na mwaka 1773 Papa Klementi XIV alilivunja shirika lote. Padri Hell aliendelea na kazi yake ya nyota Vienna kama padri wa kawaida, akafa mwaka 1792. Umbali wa Jua alioutoa kwa hesabu zake ulikuwa karibu kilometa milioni 151. Leo tunajua ni milioni 149 na nusu na kidogo. Alikuwa amefika karibu sana.

Lakini mwaka 1835, amekwisha kukaa kaburini miaka 43, kijana mmoja wa nyumba ile ile ya nyota ya Vienna, Karl Ludwig von Littrow, alizipata hati za mkono za Vardø. Alizisoma, akatangaza katika kitabu: nimemkamata! Hesabu zimefutwa, nyingine zimeandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine. Kwa hiyo zimebadilishwa baadaye. Aliyesema hivyo hakuwa mtu wa barabarani. Alikuwa mtaalamu, baadaye akawa mkubwa wa nyumba hiyo. Nani atambishia? Toka siku ile jina la Padri Hell likaandikwa vitabuni kama jina la mdanganyifu. Muda wa karibu miaka 50 walimu waliwaambia wanafunzi: hesabu za Vardø msizitumie.

Hapa tusimame kidogo. Mtu aliyekufa hawezi kujitetea. Shirika lake lilikuwa limerudishwa mwaka 1814, na wenzake walisema hayawezekani. Lakini nani atamsikiliza ndugu wa mshitakiwa?

Aliyemtetea mwishoni hakuwa ndugu. Aliitwa Simon Newcomb, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa mtaalamu mkubwa wa nyota wa serikali ya Marekani. Hakuwa Mkatoliki, wala hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wayesuiti. Mwaka 1883 alifika Vienna kwa ajili ya kuijaribu darubini mpya kubwa ya huko. Anga likawa baya, usiku baada ya usiku mawingu. (Mawingu katika habari hii yana kazi nyingi!) Kwa kukosa la kufanya akaomba aonyeshwe zile hati za Padri Hell. Aliziweka mbele yake pamoja na kitabu cha Littrow, akaanza kufuata neno kwa neno.

Alitazama mwanzo akiamini kama watu wote. Kadiri alivyotazama, ndivyo alivyoshangaa. Pale Littrow alipoandika «wino mwingine», yeye aliona wino ule ule. Kalamu ya unyoya ilikuwa mbaya. Mahali pengine wino ulitoka kidogo, mahali pengine ukatoka mwingi, na mwandishi alikuwa amepita tena juu ya tarakimu zake ili zisomeke. Masahihisho yalikuwepo kweli, lakini karibu yote yalifanywa huko huko Vardø, wakati wa kazi, kabla mtu yeyote hajamletea hesabu za Paris au za Tahiti. Mwenye kutaka kudanganya angaliandika karatasi mpya safi. Ile yenye mafutofuto ndiyo ya kweli.

Basi mbona Littrow aliona rangi mbili? Newcomb alijiuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amejiuliza. Alimwendea mkubwa wa nyumba ile, Edmund Weiss, akamwuliza: Littrow alikuwa akiona rangi vizuri? Jibu lilikuwa la upesi. Littrow alikuwa na upofu wa rangi. Hakuweza kupambanua nyota Aldebaran, iliyo nyekundu, na nyota iliyo nyeupe kabisa. Mtu huyo ndiye aliyekuwa amehukumu rangi za wino, na watu wenye macho mazima wakamwamini kwa miaka 48 bila kufungua hati wenyewe.

Hatusemi kwamba Littrow alikuwa mtu mbaya. Aliandika alivyoona. Padri Hell, mwenye kile kitabu cha jicho na mwezi usiokuwepo, labda angalimwelewa kuliko wote.

Newcomb alitangaza mambo hayo mwaka ule ule wa 1883, na baadaye alizichukua hesabu za Vardø pamoja na nyingine alipoyahesabu upya mambo yote ya 1761 na 1769. Leo kuna shimo moja kubwa la uso wa Mwezi lenye jina la Hell.

Juu ya Zuhura yenyewe tumekwisha kujifunza mengine ambayo wale mapadri hawakuweza kuyawaza. Mwaka 1961 wataalamu waliipigia mawimbi ya redio, wakangoja mwangwi urudi, na hivyo wakapata umbali wa Jua kwa njia iliyo sahihi kuliko ya nukta nyeusi. Mwaka 1970 chombo cha Warusi, Venera 7, kilishuka juu yake na kutuma habari: joto zaidi ya nyuzi 450, la kuyeyusha risasi, na hewa inayogandamiza mara 90 kuliko yetu. Ile nyeupe tunayoisifu ni mawingu ya asidi kali. Mtu asitamani kuhamia huko.

Kwetu sisi, mambo haya yalipita karibu mara mbili. Tarehe 8 Juni 2004 Zuhura ilipita mbele ya Jua mchana kweupe juu ya Kongo yetu ya mashariki, toka mwanzo mpaka mwisho, nasi tulikuwa watoto wa shule, hakuna aliyetuambia. Tarehe 6 Juni 2012 ilipita tena. Safari hii tulikuwa seminarini, karibu na ziwa, na padri mwalimu wetu alikuwa ametueleza habari za Horrocks na za Padri Hell majuma mawili kabla. Aliazima kwa fundi wa vyuma kioo cheusi cha kuchomelea, kwa sababu kulitazama Jua kwa macho matupu ni kuyaharibu. Tulijua kwamba kwetu Jua litapanda Zuhura ikiwa karibu kumaliza, na kwamba kabla ya saa moja kamili yote yatakuwa yamekwisha. Tulisimama nje baada ya sala za asubuhi, watu zaidi ya thelathini, kioo kimoja. Mbele yetu kulikuwa na milima, na juu ya milima ukungu wa wakati wa kiangazi. Mwalimu alishika saa yake mkononi, hakusema neno. Jua lilipotoka nyuma ya ukungu, lote lilikuwa jeupe safi, halina nukta. Tulipokezana kioo hata hivyo, kila mmoja akatazama.

Tulimsimulia mtoto yule wa katekisimu mambo hayo yote, kwa kufupiza. Akauliza: itapita tena lini? Tukamwambia tarehe 11 Desemba 2117, na kwamba kwetu Jua litachomoza Zuhura ingali ndani yake. Alihesabu kwa vidole muda mrefu. Kisha akasema tuandike mahali katika vitabu vya parokia, ili watu wa wakati ule watafute kilima kizuri mapema.